Babu Kwenye Friza

Mpira wa mashine ya kufulia ulipasuka usiku wa Jumanne, mavyaa yangu akiwa wiki ya pili hospitali ya mazoezi, anafundishwa kutembea upya baada ya kubadilishiwa nyonga. Namshukuru Mungu kwa nyonga ile. Angekuwepo nyumbani, leo ningekuwa Tanga nawahadithia shangazi zangu jinsi ndoa yangu ilivyovunjika.

Nyumba za huku Westfalen, kama nyumba nyingi za Ujerumani, zina Keller, chumba cha chini ya ardhi ambamo ukoo huteremsha kila usichoweza kukitupa wala kukitazama. Asubuhi tuliposhuka, maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Maboksi ya mapambo ya Krismasi yanaelea, viatu vya marehemu baba mkwe vimejaa maji kama mitumbwi iliyotoboka, na chini kabisa ya rafu, limekaa ndani ya maji kama kiboko, kopo la biskuti.

Baba Watoto aliliona, akafumba macho. "Si lile," akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo huitumia akiogopa tu.

Lilikuwa lilelile.

Kopo hilo nilikuwa nalijua kwa heshima yake, si kwa kilichomo. Mlikuwa na karatasi za baba yake mavyaa, askari aliyeuawa Urusi, karibu na mji wa Rzhev, Agosti 1942. Mjane wake alilifungia kabatini, ufunguo akatembea nao. Alipofariki, binti akalirithi, akalishusha Keller, na sidhani kama alilifungua hata mara moja. Nimeolewa humu miaka 19. Mwaka wa kwanza nilithubutu kuuliza, nikaambiwa kahawa yangu inapoa. Haikuwa inapoa.

Tulilifungulia jikoni. Kilichotoka kwanza ni maji, tena ya zambarau, kana kwamba mtu amekamulia humo kilo mbili za zambarau zilizoiva. Ilikuwa ni zile barua. Askari wengi waliandikia penseli ya wino, Kopierstift, ambayo ikiwa kavu huandika kijivu kama penseli ya shule, ila ikikutana na maji hugeuka rangi. Ilitengenezwa hivyo ili maandishi yasifutike. Kufutika hayafutiki, ni kweli. Yanahama. Yalihamia vidoleni mwangu, yakahamia mezani, yakaanza kuteremka mguu wa meza. Nami, niliyelelewa nikijua kwamba hakuna janga lisilofutwa kwa khanga, nikavuta iliyokuwa karibu. Ilikuwa moja ya doti niliyopewa na marehemu bibi siku ya harusi. Jina lake silitaji, maana linawasema mawifi.

Chini ya barua kulikuwa na barua nyingine iliyopigwa taipu, kutoka kwa kamanda wa kombania: risasi moja, amekufa papo hapo, hakuteseka. Kulikuwa na cheti cha medali. Na kulikuwa na kitabu kimoja, Wehrpass, jalada lake limevimba kama mkate ulioloweshwa, juu yake tai ameshika swastika.

Kitabu hiki kinahitaji maneno mawili. Jeshi la Ujerumani lilimwandikia kila askari vitabu viwili. Cha kwanza, Soldbuch, ni cha mshahara. Alikiweka mfukoni, kikaandikwa silaha alizokabidhiwa, chanjo alizochomwa, likizo alizopewa. Cha pili, Wehrpass, kilikaa kwa karani wa kikosi chake, kikiandikwa vikosi alivyopitia na mapigano aliyopigana. Akifa, hiki cha pili ndicho kinachopelekwa kwa ndugu. Kwa hiyo mwanamke aliyeletewa Wehrpass na mtu wa posta hakuwa na haja ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Sasa, karatasi zimelowa, nifanye nini? Nikafanya kama nifanyavyo nguo. Nikatoa kamba ya kuanikia, nikaifunga kwenye baraza ya juu, jua la Mei linawaka, nikaning'iniza barua moja moja kwa vibanio. Kitabu nikakifungua katikati, nikakikalisha juu ya kamba, jalada nje, kama suruali ya mtoto. Nikaingia ndani kupiga deki.

Kengele ya mlango ililia kabla maji hayajakauka sakafuni. Alikuwa bibi wa nyumba ya ng'ambo, mwenye miaka 93, ambaye kwa miaka yote hiyo tulisalimiana kwa kichwa tu. Alikuwa amevuka barabara na kigari chake cha kutembelea, na amevaa koti kabisa, kama anayekwenda kutoa ushahidi.

"Mwanangu," akasema, "unajua umeanika nini?"

Kifungu cha 86a cha Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani kinakataza kuonyesha alama ile hadharani. Wauza vitu vya kale minadani huibandika kipande cha karatasi. Mimi, mke wa mtu, mtoto wa Kitanga, nilikuwa nimeitundika juu ya barabara, kati ya soksi mbili. Nilipanda ngazi mbili mbili.

Baba Watoto naye alikuwa amepiga simu kwa rafiki yake anayefanya kazi makumbusho, akarudi na jibu lililonifanya nimguse paji la uso. Friza. Karatasi iliyolowa haianikwi juani na wala haibanduliwi kwa nguvu. Hugandishwa, ili wino usiendelee kutembea na ukungu usiote, kisha wataalamu huziweka kwenye mashine inayoondoa barafu kama mvuke bila kuyapitia maji tena. Jengo la nyaraka la mji wa Köln lilipoporomoka Machi 2009, karatasi zilizochimbuliwa kwenye matope ziligandishwa hivyohivyo. Huo ndio mpango, akasema. Tunagandisha, Ijumaa nazipeleka, Mama anarudi Jumapili, hajui kitu.

Friza yetu ina droo nne, na mipaka yake inalindwa kuliko ya nchi. Mbili za juu ni zangu: kisamvu, tui la nazi, vipande vya nguru, mguu wa mbuzi wa Idi. Ya chini kabisa ni ya mavyaa: njegere, keki za matofaa, na soseji ambazo mimi na yeye tumekubaliana kutozitaja. Ya tatu ni ya wote, yaani haina mwenyewe. Karatasi zote tulizitia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, Baba Watoto akaandika juu yake kwa kalamu nene, kwa tabia yake ya kuandika kila kitu: OPA. Babu. Droo ya tatu ilikuwa imejaa barafu, kwa hiyo tukamlaza babu droo ya pili, juu ya mguu wa mbuzi.

Cheti cha medali ndicho kilichokuwa kimeutazama mguu ule. Medali yenyewe ilianzishwa Mei 1942 kwa waliopitia majira ya baridi ya kwanza ya Urusi, mamilioni ya watu waliopelekwa bila nguo za baridi kwa kuwa wakubwa walihesabu kwamba vita vitakwisha kabla ya theluji. Jina lake rasmi ni refu. Askari wenyewe waliiita Gefrierfleischorden, nishani ya nyama ya friza. Hilo sikulitunga mimi.

Mavyaa alirudi Alhamisi.

Alikuja kwa teksi, bila kupiga simu, kwa sababu chakula cha kule kilimshinda. Mimi nilikuwa nimekwenda kumchukua mtoto shule. Nyonga ikamuuma kwa safari, akafanya wafanyavyo wengi huku: akaenda kwenye friza kutafuta mfuko wa njegere aukandamize penye maumivu. Kuinama hadi droo ya chini hakuweza. Akavuta ya pili, akapapasa, akapata kitu bapa, kigumu, chenye baridi safi, akakifunga kwa taulo ya jikoni, akaketi nacho kwenye kochi.

Nilimkuta hivyo. Tulisalimiana, nikamwandalia kahawa, nikamsikiliza habari za daktari, za jirani wa kitanda, za supu isiyo na chumvi. Robo saa nzima. Ndipo taulo ilipolegea, naye akashusha macho, akasoma.

"Opa nani?"

"Mama, ngoja Baba Watoto—"

"Nimeuliza Opa nani."

Nyuma ya plastiki, yule tai alikuwa ameanza kutoa jasho.

Nilitegemea ghadhabu. Nilishajitayarishia hata maneno ya kuomba radhi, yenye mpira na mashine na wiki mbili ndani yake. Mavyaa hakupaza sauti. Aliuondoa mfuko nyongani, akauweka mapajani, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayepakata mtoto asiye wake.

"Nimezaliwa Januari 1943," akasema. "Hesabu."

Sikuelewa. Akanihesabia yeye, kwa vidole, kurudi nyuma, akasimama Aprili. "Aprili alikuwa vitani. Ndivyo shangazi yake baba alivyosema, kwenye kahawa baada ya maziko ya mjomba, nikiwa na miaka 15, nimeshika sahani ya keki. Alihesabu hivi hivi, mezani, mbele ya watu. Mama alisimama akaenda kuosha vikombe."

"Hukumuuliza?"

"Wewe ungemuuliza?"

Basi ndiyo siri ya kopo. Miaka yote nilidhani ni uchungu wa vita, nikatembea juu ya sakafu ile kwa adabu kama napita makaburini. Kumbe ni neno la shangazi. Tanga tuna mashangazi wa namna hiyo, tena mabingwa. Sikujua kwamba wako na Westfalen.

Barafu ikawa inayeyuka, makumbusho ni kesho, na mwenye mali ameketi mbele yangu. Alisema, "Lete kisu cha siagi."

Rafiki wa makumbusho angezimia. Kurasa za Wehrpass zilikuwa zimeshikana, tukazibandua moja moja juu ya meza, yeye anashika, mimi natelezesha kisu, hatupumui. Picha yake ilitoka kwanza: kijana wa miaka 26, masikio yamesimama, kola imembana. Mavyaa alijigusa sikio. Ukurasa wa vikosi ulibanduka na tundu dogo pembeni, na katikati ya mistari mingine kulikuwa na mmoja mfupi: Genesenden-Kompanie, kombania ya wanaopona, chini ya kikosi cha akiba katika mji ambao kwa treni ni dakika 50 kutoka hapa tulipoketi. Tarehe zilikuwa zimeshazama katika zambarau.

Zilibaki barua, na barua hakuna aliyeweza kuzisoma. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linanishangaza. Wajerumani wa zama zile waliandika kwa mwandiko wa shule uitwao Sütterlin, vijiti na ndoano tupu, ambapo e hufanana na n na n hufanana na u. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ikaufuta mashuleni, watoto wakafundishwa mwandiko wa Kilatini. Mavyaa alianza shule baada ya vita. Kwa hiyo hata angelifungua kopo siku ya maziko ya mama yake, angekuta baba yake ameandika kwa mwandiko usiosomeka kwake, katika lugha yake mwenyewe.

Aliyezaliwa mapema kidogo anausoma. Nilipika maandazi ya iliki, nikafunika sahani, nikavuka barabara.

Bibi wa ng'ambo alionja moja, akasema ni kama maandazi yao ya kanivali ila yamesahau jemu, akala la pili, akavaa miwani. Alisoma barua 16 kwa siku tatu, jikoni kwetu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Babu alikuwa mfugaji wa njiwa. Njiwa wamejaa barua zile kuliko vita: nani ametaga, usiwape mahindi ya mvua, yule wa kijivu asiuzwe hata kwa dhiki. Mara moja tu aliandika kwamba katika kijiji fulani wame"organisieren" kuku watatu. Bibi alipofika hapo alisimama.

"Kamusini maana yake ni kupanga," nikasema.

"Kamusini," akasema. "Jeshini ilikuwa ni kuchukua cha mtu."

Mavyaa alitazama dirishani. Katika eneo lile la Rzhev jeshi la baba yake lilikuwa limekaa vijijini mwa watu majira yote ya baridi, na mwenye wale kuku watatu naye huenda alikuwa na mtoto tumboni. Hakuna aliyelisema hilo. Bibi akaendelea na njiwa.

Ilikuwa siku ya tatu alipouliza kwa nini hatuzipangi kwa namba. Namba gani? Akatuonyesha pembeni, juu kulia, tarakimu ndogo iliyozungushiwa duara. Posta ya vitani ilipotea ovyo, kwa hiyo watu walizipa barua namba ili mpokeaji ajue kama kuna iliyokosa njia. Tukazipanga. Nyingi hazikuwepo, lakini namba 41 ilikuwepo, ya Machi 28, 1942, kutoka hospitali ya jeshi huko Saksonia: vidole viwili vya mguu vimekatwa kwa sababu ya baridi, anaendelea vizuri, mke asilie. Na namba 42 ilikuwepo. Iliandikwa Mei 12, kwenye treni inayokwenda mashariki.

Baina ya 41 na 42 hakuna namba nyingine. Wiki sita na siku tatu mtu aliyeandika kila siku ya nne hakuandika hata mstari.

Bibi wa ng'ambo alivua miwani. "Aliye nyumbani," akasema, "humwandikia nani?"

Mavyaa alinyanyuka bila fimbo, jambo alilokatazwa na daktari, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vikombe visivyo vichafu.

Hata hivyo Baba Watoto, ambaye haamini kitu kisicho na mhuri, akaiandikia ofisi ya Berlin iliyowekwa kutunza habari za waliokufa vitani. Huko ndiko zilipo kadi za askari wa Wehrmacht, jeshi la Ujerumani la wakati ule, zaidi ya milioni 18. Ofisi hiyo ilianzishwa Agosti 26, 1939, siku sita kabla Ujerumani haijaivamia Polandi. Yaani daftari la wafu lilifunguliwa kabla ya mfu wa kwanza. Mwaka 1943 ikahamishiwa Thüringen kukwepa mabomu, 1945 ikaangukia mikononi mwa Wamarekani, 1946 ikarudi Berlin chini ya Wafaransa, na tangu Januari 2019 iko ndani ya Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa. Tulijaza fomu, tukaambatisha cheti cha kuzaliwa cha binti, tukairudisha friza kwenye kazi yake.

Jioni moja tukisubiri, mavyaa aliniuliza, "Na kwenu, mlikuwa na askari?" Nikamwambia babu yake baba yangu aliwabebea Wajerumani mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Hana kitabu, hana namba, kaburi lake liko popote kati ya Handeni na Msumbiji. Nikamwambia pia kisa kinachosimuliwa kuhusu Mwanza, mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotuma mtu kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita vile, mshahara wao. Walikuja mamia, na wachache tu wana vyeti. Basi kila asiye na karatasi akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani: bega silaha! Hakuna aliyekosea.

"Ufagio," mavyaa akasema. Akakaa nalo. Kisha: "Na wabebaji?"

"Wabebaji hawakufundishwa kushika bunduki, Mama."

Bahasha ya Berlin ilifika kabla ya Krismasi. Baba Watoto aliishusha Keller akaisomee huko, kama watoto wa nyumba hii wanavyofundishwa. Nikamfuata. Ilikuwa kurasa mbili. Nambari ya kibati cha shingoni. Hospitali: miguu, baridi. Aprili 2, kombania ya wanaopona. Mei 9, kurudishwa vitani. Na mstari wa mwisho, Agosti: vipande vya kombora, tumboni, amefariki siku ya pili, kituo cha majeruhi.

Siku ya pili. Tukakumbuka ile barua iliyopigwa taipu: risasi moja, papo hapo, hakuteseka. Makamanda waliandika hivyo kwa wajane, na mjane huyu aliiamini, au aliiweka hivyo, hadi kufa kwake. Mume wangu aliukunja ukurasa wa pili, akauweka mfukoni mwa shati.

Tulipopanda, mavyaa alikuwa mezani anamenya viazi. Hakunyoosha mkono.

"Aprili?" akauliza.

"Aprili, Mama. Kuanzia tarehe 2."

Akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine. Baadaye akaniambia kopo la zamani limeota kutu, hawezi kurudisha barua humo. Na ile nguo yangu, iliyoharibika, ninaifanyia nini? Nikaitoa. Nimeifua mara saba na zambarau haijasogea. Kwenye pindo, ukigeuza upande wa nyuma na kuushika mbele ya taa, zinaonekana ndoano mbili tatu za mwandiko, zimepinduka. Akaikunja mara nne, akazifunga barua ndani yake kwa fundo nililomfundisha mimi, la mtu anayefunga hela.

Khanga huuzwa doti, vipande viwili. Cha pili kimo kabatini mwangu, hakina doa, na jina lake bado linawasema mawifi.